Jicho na Nukta Ukutani

Watu wa jengo letu wanamwita Jicho, na wengi wao hawajui kwa nini. Wanadhani ni utani juu ya miwani yake ya kusomea, ile aliyoifunga uzi mweusi baada ya mguu mmoja kukatika. Hawaulizi. Wapangaji wa siku hizi mtu anahamia, anakaa miaka sita, anahama, na hakuna siku aliyobisha hodi kwa jirani kuomba hata kiberiti. Kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayejua, nitaeleza mimi.

Jicho alikuwa fundi wa mashine katika sinema ya mtaani kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi nilisimama mlangoni nikikata tiketi, na mpaka leo ananiita Tiketi. Yeye juu, mimi chini. Chumba chake kilikuwa na joto la kuokea mkate, na ndani yake mlikuwa na mashine mbili zimesimama ubavu kwa ubavu kama ng'ombe zizini. Zilikuwa mbili kwa sababu picha moja ilikuja katika mikanda sita au saba. Mkanda wa mashine hii ukikaribia kwisha, wa mashine ile lazima uwe umeanza, na watu mia nane waliokaa kule chini wasitambue kitu. Mwanga wa kila mashine ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyoungua vikitazamana, na vijiti hivyo vilikuwa na hulka kama watu, leo vizuri kesho vimenuna. Mashine moja ikimzidi mwenzake kidogo tu, mkanda unapobadilika uso wa mwigizaji unaingia kiza katikati ya maneno, na ukumbi mzima unapiga miluzi.

Mafundi wengine walikisia. Jicho alikuwa na kopo la bati, na ndani yake vipande vya filamu alivyovikata mwenyewe kwenye mikia ya mikanda, sehemu ile isiyo na picha, yenye rangi ya moshi. Alivichambua kwa miezi mpaka vyote vikawa na moshi wa kiasi kimoja. Kila siku, kabla sijafungua mlango, aliwasha mashine zote mbili akatupa mianga yake kwenye pazia, mmoja kushoto, mwingine kulia. Kwanza aliutazama ukuta uliozunguka pazia, kuona kama kuna mlango ulioachwa wazi au dirisha la juu linaloingiza jua. Huko ndiko alikokuita kusoma ukuta. Ukuta ukiwa vilevile, mianga inaweza kupimwa. Halafu alikiweka kipande kimoja mbele ya jicho lake, akautazama mwanga mkali kupitia hapo, kisha viwili, mpaka ukalingana na mwenzake.

"Kushoto kumezidi kipande kimoja!" alinipigia kelele kutoka kwenye kitundu cha juu.

"Na mimi nifanye nini?" nilimjibu. "Nikate tiketi nusu?"

Sikuwahi kuiona tofauti hiyo. Hakuna aliyewahi kuiona. Lakini katika miaka yote ile sikumbuki mluzi hata mmoja kwa sababu ya mwanga, na hilo nalisema kwa sababu nilikuwepo.

Sasa mle ndani yanauzwa magodoro. Nilipita mara moja, nikaona pale paliposimama pazia wameegemeza magodoro ya povu hadi darini. Watu mia nane waliokuwa wakicheka kwa pamoja, kila mmoja sasa anacheka peke yake na kioo kidogo kiganjani, tena kicheko cha puani. Wanasema ni maendeleo. Wacha waseme.

Jicho ana mtoto mmoja, binti. Mama yake alifariki binti akiwa darasa la saba. Baada ya hapo mtoto alilelewa kwenye chumba cha mashine. Alikaa juu ya kreti iliyogeuzwa, akifanya hesabu za shule kwa ule mwanga uliovuja pembeni ya mashine, na alama aliyoweka kitabuni ilikuwa kipande kimoja cha moshi alichokiiba kwenye kopo la baba yake. Baba alijua. Kila akihesabu vipande alinung'unika, "Kimoja kimetembea," naye binti anainamia daftari kama hasikii. Siku moja mfuniko wa kopo la mkanda ulimkata kidole gumba, akabaki na kovu lililopinda kama mkasi wa kaa. Jicho alilia kuliko mtoto.

Binti akakua, akasoma, akaolewa mbali. Mbali ya kweli, safari ya siku mbili na kulala njiani. Ana duka la vifaa vya ofisi yeye na mumewe, na biashara yao yote iko kwenye simu. Wanapiga picha kalamu, mafaili, mashine za kubania karatasi, wanatuma, watu wanaagiza. Kila Jumapili saa kumi jioni humpigia baba yake wakaonana kwenye kioo. Jicho huiegemeza simu kwenye kopo la sukari, hukaa wima na shati amefunga vifungo vyote, na mazungumzo huisha dakika saba. Najua ni saba kwa sababu mara nyingi huwa nipo, nimekaa kwenye kitanda cha pili kilicho chini ya dirisha, kitanda cha wageni ambacho mgeni wake amekuwa mimi tu kwa miaka minne.

Balaa nililileta mimi. Jicho alikosea ngazi ya mwisho akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua tangu mwezi uliopita, na mwenye jengo alikuwa akiahidi tu. Jumapili hiyo binti aliuona mkono umefungwa kitambaa.

"Baba, mkono umefanya nini?"

"Umelala vibaya."

Mdomo wangu ukanitangulia. "Alianguka ngazini, mwanangu. Hakuiona ngazi ya mwisho."

Jicho alinigeukia, akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyewasha kiberiti katikati ya picha.

"Hakuiona?" binti aliuliza. "Baba, huoni?"

"Naona mpaka ndani ya mifuko ya watu. Mtu haoni ngazi gizani, hata tai haoni."

"Juzi ulimsalimia mume wangu ukadhani ni mimi."

"Alivaa kilemba cha taulo! Mwanaume gani anatoka bafuni na taulo kichwani?"

Nilicheka. Binti hakucheka. Alisema wiki ile angezungumza na mumewe, na kama hali ndiyo hiyo, atafunga safari aje amchukue baba yake, akakae kwao. Wana chumba cha mtoto, ghorofa ya tano, kitanda kinaongezwa. Chumba hiki kirudishwe kwa mwenyewe.

Nataka kieleweke kilichokuwa hatarini. Kwa Jicho chumba hiki si chumba tu. Ukisimama dirishani unaliona paa la sinema, na kitundu cha hewa cha chumba cha mashine bado kipo, hakijazibwa. Kopo la vipande liko juu ya kabati. Kumtoa hapa na kumpandisha ghorofa ya tano kwenye mji ambao hamjui hata muuza mkaa ni kumweka kwenye rafu. Zaidi ya hapo, kumwambia yeye kwamba macho yamekwisha ni sawa na kumwambia kwamba hakuwahi kuishi.

Jumatano simu yake ililia mara mbili. Zilikuwa video mbili kutoka kwa binti, pamoja na ujumbe wa sauti.

"Baba, shikamoo. Tumeletewa tena kalamu za leza, zile ambazo mwalimu anabonyeza, nukta nyekundu inatua ubaoni. Nimezirekodi mbili. Hebu nisaidie wewe mwenye kazi yako, ipi ina mwanga mkali zaidi? Na imezidi kiasi gani?"

Jicho alinyooka kitini. Ilikuwa imepita miaka ishirini tangu mtu amwulize kitu kama hicho. Alifuta kioo cha simu kwa pindo la shati, akaniambia nikae pembeni nisizibe dirisha, akazitazama. Kila video ilikuwa ya sekunde kumi hivi. Hamkuwa na mtu, ulikuwepo ukuta tu, ukuta mweupe wa kijivu, na nukta nyekundu katikati. Katika ya kwanza nukta ilikuwa ndogo, imetulia kama kichwa cha pini. Katika ya pili ilikuwa kubwa, katikati nyeupe inayochoma, pembeni imezungukwa na duara jekundu kama mwezi wenye mvua.

Alizirudia mara sita. Aliusoma ukuta kwanza, kama kawaida yake. Alikichukua kipande cha moshi, akakiweka mbele ya jicho, kisha viwili, kisha vitatu.

"Ukuta ni uleule," aliniambia. "Weupe wake hapa na hapa ni mmoja. Kwa hiyo chumba hakijabadilika. Kilichobadilika ni kalamu. Ya pili imezidi kwa vipande vitatu, haina mjadala."

Akamrekodia binti jibu hilohilo kwa sauti ya fundi, nzito, ya kujiamini.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. Safari hii lilikuwa la maandishi, na aliniomba nilisome mimi, eti miwani iko mbali. Nililisoma. Binti aliandika kwamba anaomba radhi sana, lile lilikuwa wazo la mumewe. Zile si kalamu mbili. Ni kalamu moja, betri zilezile, ukuta uleule, zimepishana dakika tano. "Baba usiumie. Umri ni umri. Nimejipa likizo dukani, nitafika tarehe ishirini."

Jicho aliichukua simu mkononi mwangu taratibu, akailaza kifudifudi juu ya meza. Halafu aliinuka akakoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa tayari.

Mkwe huyo sijawahi kumpenda, na sasa nina sababu. Kwa nini umtege mzee? Zamani mtu akitaka kujua kama baba mkwe wake anaona, anakuja, anakaa naye wiki, anakula naye, anaona mwenyewe. Siku hizi anampima kwa sekunde kumi akiwa amelala kwenye kochi.

Siku mbili Jicho hakushuka. Siku ya tatu nilimsikia akiburuta kitu, nikapanda. Niliyakuta mapazia yameanuliwa yako kwenye ndoo ya sabuni, na juu ya kitanda cha wageni palikuwa na mto mpya, bado umo kwenye nailoni yake.

"Unajiandaa kuhama?" nilimuuliza.

"Sihami popote."

"Mto wa nani sasa?"

"Wangu. Ule wa zamani una uvimbe." Lakini ule wa zamani ulikuwa bado kwenye kitanda chake, na huo mpya ulikuwa na maua, naye katika maisha yake hajawahi kulalia ua. Juu ya meza niliona kalamu ya leza. Aliinunua siku hiyohiyo duka la vitabu, akashuka na kupanda ngazi zile peke yake mchana kweupe.

"Tiketi, shika simu," aliniambia. "Elekeza ukutani, usitikisike."

Mapazia yakiwa yameanuliwa, jua lilikuwa limejaa chumbani. Alibonyeza kalamu, nukta ikatua ukutani, nami nikarekodi. Halafu alitundika blanketi dirishani, chumba kikaingia kiza hata kabati silioni, akaniambia nirekodi tena. Alinikalisha kitandani, tukatazama.

Mimi nilizaliwa mtu wa kutoshangaa, lakini nilishangaa. Kwenye simu ukuta ulikuwa mmoja. Chumba nilichokaa kizani, nisimwone hata mwenzangu, simu ilikionyesha kijivu safi kama chenye dirisha. Na nukta ile ndogo ya kwanza sasa ilikuwa imevimba, nyeupe katikati, na duara lake jekundu.

Jicho alipiga goti lake kwa kiganja. "Umeona mchezo wake? Simu ina fundi ndani! Kiza kikiingia, fundi anafungua mlango mwanga uingie mwingi, ukuta ubaki ulivyo. Anaulinda ukuta. Na akiongeza kwa ajili ya ukuta, nukta nayo inaongezwa bila kuomba. Wao ya pili waliirekodi kizani, mimi nikasoma ukuta, nikauamini. Mtu asiyejua kazi angesema 'sijui, naona kama sawasawa', akapona. Mimi nimeponzwa na ujuzi."

"Kwa hiyo macho yako mazima."

"Macho mazima. Nilidanganywa na shahidi."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu sinema ifungwe. Palepale akapata na dawa yake. Alichukua tochi yangu ya mfukoni, akaziba kioo chake kwa kadi yenye tundu dogo, akailaza juu ya vitabu ili doa lake litue ukutani karibu na nukta ya leza, vyote viwili kwenye picha moja. Akaniambia nirekodi bila kukata huku yeye akilishusha blanketi polepole kuziba dirisha. Kwenye simu tuliona nukta ikivimba, na doa la tochi likivimba pamoja nayo, kama wamekula chakula kimoja.

"Haya," alisema. "Nani aliyeiongezea tochi yako betri? Mwambie huyo mkwe anijibu hilo."

Mimi nilikuwa nikiutazama ule mto.

"Jicho," nilimwambia, "ukiituma hiyo video, hatakuja."

Aliendelea kufuta kalamu kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Miaka minne hujamwona," niliendelea. "Ukinyamaza, tarehe ishirini yuko hapa. Akifika ndipo umwambie hutaki kuhama. Utakuwa umemwona, na chumba umebaki nacho. Nani atakulaumu?"

"Atakuja kumchukua kipofu," alisema. "Atanishika mkono kwenye ngazi. Atanikatia nyama vipande vidogo. Kila nitakachomwonyesha atasema ndiyo Baba, ndiyo Baba, kama unavyomjibu mtoto. Sitaki aje kwa huyo. Huyo hayupo."

"Ni wiki moja tu ya uongo."

"Ndugu yangu, mwanga sijawahi kuudanganya. Hata siku ile meneja alipotaka tubane kaboni, tuonyeshe picha nusu kiza tuokoe vijiti. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alisimamishwa kazi wiki mbili.

Akaituma.

Jumapili saa kumi kamili simu ililia. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Binti alikuwa amekaa mezani, na nyuma yake mumewe alikuwa akipita na kikombe.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba, mama," Jicho alimjibu. "Video umeiona?"

"Nimeiona. Mwenzangu ameiona pia, anasema inawezekana, lakini..." Aliangalia pembeni. "Baba, kujua simu inadanganya ni jambo jingine. Kuona ni jingine."

"Sawa. Unazo kalamu nyingi hapo dukani?"

"Ninazo."

"Chukua mbili za kweli, si moja kuigeuza kama shati. Zilaze mezani, bana vitufe kwa vibanio vya nguo. Zote zitue ukuta mmoja, ziwe jirani, picha moja. Usiniambie chochote."

Tulisikia viti vikisogezwa na mkwe akinong'ona, "Mpe mpya mbili zinazofanana, tuone." Binti akamjibu, "Niache nifanye." Simu ikageuzwa ukutani. Zikatokea nukta mbili nyekundu, moja kushoto, moja kulia. Mimi kwa macho yangu zilikuwa pacha. Naapa kwamba zilikuwa pacha.

Jicho hakuigusa simu. Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo, akakifuta. Alikichukua kipande cha moshi. Sikumsikia akipumua. Nilijikuta nimeushika ukingo wa kitanda, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

"Ya kulia imezidi," alisema. "Kwa kipande kimoja. Ya kushoto imetumika sana, betri zake zimechoka."

Halafu tulisikia zipu ya mkoba ikifunguliwa, vitu vikipekuliwa, sarafu zikigongana. Kwenye picha ukaingia mkono wa binti umeshika kitu chembamba chenye matundu pembeni. Alikisimamisha mbele ya kalamu ya kulia.

Ile nukta ilishuka, ikalingana na mwenzake. Safari hii hata mimi niliona kwamba kitu kilishuka, na nilipojua ilikokuwa, ndipo nilipojua kwamba mwanzoni hazikuwa pacha.

"Zimelingana," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba, zimelingana kabisa. Ya kushoto ndiyo tunayoonyeshea wateja mwaka mzima."

"Hicho kipande umekitoa wapi?"

"Kiko kwenye mkoba wangu, pamoja na kitambulisho. Kimekaa humo siku zote."

"Kimoja kimetembea," Jicho alisema.

Binti alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Mkwe akaleta uso wake kwenye kioo akaomba radhi, na kwa haki lazima niseme aliomba vizuri, kichwa ameinamisha. Jicho alimwambia yamekwisha, ila mtu mzima asifunge taulo kichwani.

Tulizungumza dakika kumi na mbili siku hiyo. Mwishoni binti akasema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Basi Baba, nimefurahi sana. Nilikuwa silali. Sasa ile likizo nitaiahirisha, maana kipindi hiki duka limejaa, shule zinafunguliwa. Nitakuja kukiwa na nafasi, Mungu akipenda. Si uko salama?"

"Niko salama."

"Na utamsumbua mwenye jengo aweke taa ya ngazini."

"Nitamsumbua."

"Haya, Baba."

"Haya, mama."

Kioo kikazima, na ndani yake tukabaki sisi wawili, wazee wawili na kopo la sukari. Jicho alifungua kifungo cha juu cha shati. Nilitaka kusema kitu. Nilijua cha kusema, kwamba nilimwonya, na kwa mara moja katika maisha yangu niliuzuia ulimi.

"Umeona lakini," aliniambia baada ya muda. "Kipande kimoja. Kupitia simu."

"Nimeona."

"Mashine zile mbili zingekuwepo, ningezilinganisha leo."

"Ungezilinganisha."

Mapazia yalikuwa yamekauka na kutundikwa, meupe kama siku yaliponunuliwa. Mto ulibaki palepale kwenye nailoni. Nilipojaribu kuusogeza ili nikae, aliniambia niuache, nikae kwenye kiti.

Wiki iliyofuata nilipanda alasiri kumpelekea gazeti, nikamkuta ameinamia simu na miwani yake ya uzi. Alikuwa akitazama zile video mbili za mwanzo, za ule mtego. Nilidhani bado anagombana nazo.

"Si yamekwisha hayo?" nilimuuliza.

"Njoo uone. Angalia hii ya kwanza, kona ya chini. Unaona nini?"

"Kiza tu. Doa jeusi."

"Sasa hii ya pili."

Ilikuwa ile ambayo binti aliirekodi kizani, ile iliyomponza baba yake. Ukuta wa kijivu, nukta imevimba. Kwenye kona ya chini, ambapo fundi wa ndani ya simu alikuwa amefungua milango yote, paliingia ncha ya kidole gumba kilichobonyeza kalamu, chekundu kwa kumulikwa na nukta. Juu yake palikuwa na kovu dogo lililopinda kama mkasi wa kaa.

"Hii ya pili ina mwanga zaidi," Jicho alisema. "Nilisema tangu mwanzo."

Akabonyeza ianze tena. Ilikuwa ya sekunde kumi. Ikaisha, akabonyeza tena. Niliweka gazeti mezani, nikavuta kiti, nikatazama naye.